Ngome ya Lamu, Sebule ya Mji

Anayeshuka gatini Lamu na kuingia mjini hufika baada ya hatua chache, bila hata kuuliza njia, katika uwanja wa Mkunguni, mahali ambapo Usita wa Mui, njia kuu ya mji, huacha wembamba wake na kupata upana. Mikungu mikubwa hutandaza kivuli chake juu ya wazee wanaozungumza na vijana wanaosubiri kazi ya kubeba mizigo, punda hupita katikati yao bila kuongozwa na mtu, na nyuma ya yote husimama ukuta mrefu wa mawe wenye meno juu. Wageni wengi huupiga picha ukuta huo, husoma kibao, kisha huendelea kuitafuta milango ya kuchonga. Mimi pia nilifanya hivyo mara ya kwanza. Safari hii nilikwenda kwa nia nyingine: nilitaka kuiangalia Ngome ya Lamu kama nyumba ya sanaa na utamaduni ya watu wa mji, na kupima ikiwa kweli inaifanya kazi hiyo. Nilishinda humo siku mbili. Hukumu yangu, niitoe mapema ili msomaji asiitafute, ni kwamba katika majengo yote ya kale niliyoyatembelea pwani, sijaona jingine ambalo wenyeji huliingia kwa moyo mkunjufu kama hili.

Jambo hilo ni la ajabu zaidi mtu akiijua historia yake. Ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1813, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate katika vita vya Shela. Ushindi ule uliwaletea Walamu hofu ya kulipiziwa kisasi, wakamwomba Seyyid Said wa Omani awape ulinzi. Kazi ilikamilika mwaka 1821, na ngome ikawa makao ya askari wa Kibulushi, wenye asili ya Baluchistan. Wakati huo ilisimama karibu kabisa na maji. Nchi kavu iliyopo leo kati yake na bahari, karibu meta 70, ilipatikana baadaye kwa kujaza ufuo. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni iliigeuza kuwa gereza, na gereza ikabaki kuwa, hata baada ya uhuru, mpaka mwaka 1984 ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ukarabati uliofuata ulisaidiwa na Uswidi, na miaka 17 baada ya gereza kufungwa, yaani mwaka 2001, mji mkongwe wote wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Katika historia hiyo yote, iliyonishika ni ile miaka 74 ya gereza. Vita vya Shela havina tena mtu aliyeviona, lakini gereza linao. Mzee mmoja niliyeketi naye barazani, upande wa pili wa uwanja, alinieleza kwamba utotoni mama yake alimkataza kabisa kucheza karibu na lango lile, na kwamba siku alipoingia mle kwa mara ya kwanza alikuwa tayari ana wajukuu.

"Uliingia kwa shughuli gani, mzee wangu?" nilimwuliza.

"Harusi," alijibu. "Harusi ya mtoto wa dada yangu."

Alilisema hilo kama jambo la kawaida, kisha akaendelea na habari ya bei ya samaki. Mimi nililichukua jibu lake nikaingia nalo ndani, na ndilo lililoniongoza katika kila nilichokitazama.

Kwanza jengo lenyewe. Ngome ni mstatili wa ghorofa mbili unaozunguka ua ulio wazi juu, na mgeni anapotoka katika jua la Mkunguni na kupita chini ya lango huhisi mara moja baridi ya mawe. Jiwe lake ni la matumbawe, limeshikamanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Inafaa kuzitazama boriti hizo kwa makini, kwa sababu ndizo zilizoamua umbo la vyumba. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa ikivuka kiasi cha meta tatu. Kwa hiyo fundi wa pwani, awe anamjengea tajiri au mtawala, alilazimika kujenga chumba chembamba na, akitaka nafasi zaidi, kukirefusha. Ukikaa katika vyumba vya juu vya ngome utaona jinsi sharti hilo la zamani linavyowafaa wanaoonyesha kazi za sanaa leo. Chumba chembamba humfanya mtazamaji asimame karibu na picha. Hakuna nafasi ya kurudi nyuma na kutazama kwa jumla. Unasogea hatua kwa hatua ukifuata ukuta, kama mtu anayesoma mstari, na mwisho wa chumba unageuka na kuusoma ukuta wa pili. Nimeona picha nzuri zikipotea katika kumbi kubwa za miji mikubwa, na nimeona picha za kawaida zikipata uzito katika vyumba kama hivi.

Nilipitisha kiganja ukutani kikarudi na unga mweupe, nikafurahi. Unga huo ni alama ya chokaa, na chokaa ndiyo iliyozihifadhi kuta hizi kwa miaka zaidi ya 200 mbele ya bahari. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka hewani, na lipu ya chokaa huviacha vyote viwili vitoke polepole. Ukuta huo ukipigwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya masika machache lipu hubanduka ikiondoka na sehemu ya jiwe lenyewe. Naomba msomaji anivumilie katika jambo hili la kifundi, kwa sababu nimezijua nyumba za kale zilizoharibiwa na watu waliozipenda, waliozipaka saruji kwa nia ya kuziokoa. Mwenye nyumba ya mawe aliyerithi kutoka kwa babu yake, akija Lamu, atajifunza mengi kwa kuziangalia kuta za ngome kabla ya kuangalia kilichotundikwa juu yake.

Ua ndio moyo wa mahali hapa. Siku ya kwanza asubuhi nililikuta kundi la wanafunzi wameketi chini pamoja na mwalimu wao, kila mmoja ana karatasi magotini, wanachora matao ya ghorofa ya juu. Mwalimu hakuwaeleza habari za masultani. Aliwaambia wahesabu matao, kisha watafute ni lipi lisilolingana na mengine, na watoto walipoanza kubishana aliwaacha wabishane. Baada ya hapo walipanda maktabani. Ngome ina maktaba pamoja na maonyesho ya mazingira, na ingawa maonyesho hayo nilipita kwa muda mfupi, katika maktaba nilikaa hadi adhuhuri. Vijana walikuwa wakidurusu masomo yao, mtu mzima mmoja alikuwa akisoma gazeti, na hapakuwa na yeyote aliyeonekana kukumbuka kwamba yumo ndani ya ngome. Hali hiyo ya kusahau naihesabu kuwa sifa kubwa. Jengo la urithi likifikia kiwango cha kijana kuliingia kila siku kwa sababu tu kuna meza na utulivu, limekwisha kuwa lake.

Siku ya pili alasiri nilikuta wanawake kadhaa wamekaa juu ya mkeka katika upande wa ua wenye kivuli. Wawili walikuwa wakisuka ukili, vidole vikienda bila macho kuvifuata, na wa tatu alikuwa akishona kofia. Aliyewahi kuitazama kofia ya Lamu karibu anajua kwamba uzuri wake umo katika vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka vifanye maua na mistari, na kwamba kofia moja nzuri inaweza kumchukua mshonaji miezi. Nilimsalimu, nikaomba ruhusa ya kukaa, nikapewa nafasi pembeni ya mkeka. Nilipomwuliza kwa nini hashonei nyumbani, alinitazama kwa mshangao.

"Nyumbani nitashona peke yangu, mwanangu," alisema. "Hapa kuna upepo, na kuna watu wa kuzungumza nao."

Nimetembelea vituo vingi vya utamaduni ambako fundi huwekwa kwenye kiti mbele ya wageni, akashona anapotazamwa na kuacha wanapoondoka. Mama huyu hakuwa akimshonea mgeni yeyote. Kofia ilikuwa imekwisha kuagizwa na mtu wa mtaani kwake, bei ilikwisha kupatanwa, na mimi nilikuwa mtu aliyepita tu. Kwa sababu hiyo nilijifunza kwake zaidi ya nilivyowahi kujifunza katika maonyesho yoyote yaliyopangwa: jinsi kitambaa kinavyochaguliwa, jinsi mchoro unavyopigwa kabla ya sindano kuingia, kwa nini uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe ndio mgumu kuliko wote. Aliponirekebisha nilipokosea jina la pambo, alinirekebisha kama angemrekebisha mtoto wa jirani.

Hapo ndipo nilipokumbuka kituo kimoja cha utamaduni katika mji mwingine, ambacho sitakitaja. Nacho kimo ndani ya jumba kongwe, limekarabatiwa kwa ustadi na fedha nyingi, rangi yake haina doa. Nilifika mlangoni nikaulizwa nina miadi na nani. Nilipojibu kwamba nimekuja kutazama tu, bawabu alinieleza kwa upole kwamba siku hiyo kulikuwa na hafla ya wageni waalikwa. Nilirudi kesho yake nikaingia, nikatembea peke yangu katika vyumba vitatu vilivyojaa mitungi na ngoma zilizotundikwa ukutani, ngoma ambazo ngozi zake zilikuwa zimelegea kwa kukosa mkono wa kuzipiga. Watoto wa mtaa ule walikuwa wakicheza mpira nje, mgongo wao ukiwa umeuelekea mlango. Sikuwa na kosa la kuwaeleza waliokitunza kituo kile, kwa maana kila kitu kilikuwa mahali pake. Lakini niliondoka na huzuni ambayo sikuielewa mpaka nilipoketi juu ya mkeka wa Lamu.

Ngoma zinahitaji mahali pa kupigwa, na ua wa ngome ni mahali pake. Mmoja wa akina mama wale alikuwa amekuja na pembe za vugo kwa ajili ya shughuli ya jioni. Vugo, kwa wasioijua, ni ngoma ya wanawake ya harusini, ambayo ala yake ni pembe ya nyati inayogongwa kwa kijiti huku waimbaji wakijibizana. Aliigonga pembe mara mbili tatu kuijaribu, na sauti ikapanda kwenye kuta nne, ikarudi kavu na safi, haikuburuta mwangwi. Kuta za matumbawe zina matundu mengi madogo na lipu yake si laini sana, na juu pako wazi, kwa hiyo sauti haifungiwi ikavurugika kama inavyovurugika katika kumbi za saruji. Mwimbaji hahitaji kipaza sauti hapa. Nimesikia taarabu ikiharibiwa na spika kubwa katika kumbi zisizostahili, na nilipoisikia pembe ile niliwaza jinsi udi au kanuni, ala za nyuzi za taarabu, ingelia katika ua huu usiku, bila waya wowote.

Kwa wanaotaka kuuona uhai huo kwa ukubwa wake, wakati mzuri ni msimu wa Maulidi, mji unapopokea wageni kutoka pwani nzima, au wakati wa Tamasha la Utamaduni la Lamu. Siku hizo Mkunguni na ngome huwa kitu kimoja: goma huchezwa na wanaume waliojipanga kwa safu wakiwa na kanzu na bakora, wakiyumba taratibu kwa heshima, na kirumbizi huchezwa kwa fimbo, wawili wawili, zumari likilia. Hata hivyo naungama kwamba napendelea siku za kawaida. Wakati wa tamasha mgeni huona kilicho bora. Siku ya kawaida huona kilicho cha kweli, na kama mimi ataweza kukaa kimya kwenye kona hata asahaulike.

Mambo ya matumizi ni machache. Kiingilio hulipwa kwa utaratibu wa Makumbusho ya Taifa, ambao huwatoza raia wa Kenya kiasi kidogo kuliko wageni wa nje, na ni busara kuwa na simu yenye pesa kwa kuwa malipo ya taasisi za serikali siku hizi hufanywa kwa njia hiyo. Mavazi yawe ya stara, kwa sababu mji ni wa Kiislamu na ngome imezungukwa na maisha ya kila siku. Kamera isielekezwe kwa akina mama bila idhini yao. Ombi la maneno mawili linatosha, na jibu la hapana lipokewe kwa heshima. Ngazi ni za mawe na zina mwinuko mkali, basi anayemleta mzazi mwenye magoti dhaifu ajue kwamba ua wa chini peke yake unastahili safari, bila kulazimika kupanda. Juani, juu ya kuta, hakuna kivuli: panda asubuhi au baada ya alasiri.

Ningeshauri pia mgeni aanzie katika Jumba la Makumbusho la Lamu, lililo upande wa bahari, dakika chache kwa miguu. Huko ataziona siwa mbili mashuhuri, ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu, vyombo vilivyopulizwa katika sherehe kubwa za watawala na watu wa heshima. Ni vitu vya kuinamiwa, na vimewekwa inavyostahili, nyuma ya kioo. Baada ya kuviona, ukitembea mpaka ngomeni na kuisikia pembe ya vugo mikononi mwa mtu ambaye jioni hiyo ana kazi nayo, utaelewa siwa ilikuwa nini ilipokuwa bado na pumzi ya mtu ndani yake. Mpangilio wa kinyume haufai. Anayeanza na vilivyo hai atavikuta vya kabatini vimepoa.

Ninayo matamanio mawili, na nayasema kama mtu anayelitakia mema jengo hili. La kwanza ni chumba kimoja kitengwe kwa ajili ya ile miaka 74, na kijazwe sauti za watu: waliofungwa, walinzi, wake waliopeleka chakula langoni, watoto waliokatazwa kucheza karibu. Watu hao wanapungua kila mwaka. Sauti zao zikirekodiwa kwa Kiamu chao wenyewe, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, bila kusanifishwa, Ngome ya Lamu itakuwa na hazina ambayo hakuna chumba kingine cha makumbusho katika pwani hii kitaweza kuipata tena. La pili ni usiku wa mashairi, unaofanyika kwa kawaida na kwa siku inayojulikana. Lamu ni mji uliolea washairi kwa karne nyingi, na shairi la Kiswahili limetungwa liimbwe, halikutungwa lisomwe kimyakimya. Ua upo, sauti yake nimekwisha kuieleza, na wasikilizaji wanapita Mkunguni kila jioni wakitafuta mahali pa kukaa.

Jua lilipokuwa linakaribia kuzama siku ile ya pili, nilipanda juu ya kuta kwa mara ya mwisho. Kutoka huko mapaa ya makuti na ya mabati yamechanganyika mpaka ukingo wa mji, minara ya misikiti imechomoza kati yake, na ng'ambo ya mkondo kisiwa cha Manda kinaanza kuwa cheusi. Adhana ya magharibi iliadhiniwa, kwanza msikiti mmoja, kisha mingine. Uwanja ulipungua watu, halafu baada ya swala ukajaa tena, safari hii kwa wanawake wenye mabuibui, wamebeba mikeka iliyokunjwa, birika na masinia yaliyofunikwa, na mbele yao watoto waliovishwa nguo za sherehe. Aliyenipa nafasi kwenye mkeka wake alinitambua kutoka chini, akaniashiria kwa mkono kwamba wakati wa wanaume kutoka umefika. Niliteremka. Langoni bawabu alikuwa anahangaika na ubao mzito wa mlango, uliokuwa ukijirudisha kila akiuachia kundi lipite. Hatimaye akaokota jiwe kubwa, akaliweka chini yake, na lango likabaki wazi.